Maharage ya Danka Yagoma Kuiva

Tangu alfajiri Danka hakutulia. Anafunua chungu, anatafuna harage moja, analitema kama kokoto, anasukuma kuni nyingine. Akikaa, miguu inamwasha. Jana, huyu bibi harusi wa kutoka mji wa Bar, pwani kabisa, alijisifu mbele ya ukoo kwamba maharage atapika yeye, kama kwao, na asielekezwe na mtu. Leo ni Sikukuu ya Mtakatifu Ilija, tena imeangukia Ijumaa ya mfungo: nyama mwiko, jibini mwiko. Wageni wanapanda mlima kuja kumkagua, na chakula ni hicho kimoja tu.

Maji yalitokota kwa fujo, yakapungua. Akaongeza maji, akaongeza na moto.

“Bakiza miti kidogo, mbuzi wapate kivuli,” alisema mama mkwe wake, Vidosava, akisokota sufu mlangoni.

“Yanachemka tangu asubuhi, mama. Haya maharage yenu yamelogwa?”

“Yetu? Si ulikuja nayo wewe kutoka kwenu?”

Mbwa wakaanza kubweka huko chini. Danka akatupa mwiko.

“Basi nielekeze.”

“Jana ulikataa.”

“Jana sikuwa na wageni.”

Vidosava akacheka mpaka uzi ukakatika. “Kwenu baharini hewa ni nzito, inayakalia maji. Yanapata moto kweli kweli ndipo yachemke. Huku juu hewa nyepesi, maji yanaruka mapema, moto bado haujayakolea. Ukiongeza kuni, joto halipandi, maji yanakwisha tu. Asubuhi nzima umelisha mawingu, mwanangu. Sisi chungu tunakiinjika tangu jana yake.”

“Na hukuniambia?”

“Nilisokota sufu nyingi sana leo.”

Danka alimwaga maharage kwenye beseni la mbao, akatwaa mchi wa kupondea chumvi wanayolamba kondoo, akayaponda kwa hasira zote alizokuwa nazo, kisha akayarudisha chunguni. Yakiwa vipande, yalilainika. Akakaanga vitunguu, akakoroga mpaka rojo likawa zito.

Wageni walipoketi kula, mjomba mmoja wa mumewe aligeuzageuza kijiko.

“Haya ni maharage gani, hayana hata umbo?”

“Ya pwani,” alidakia Vidosava. “Huko wanawahurumia wazee wasio na meno. Kula, au nikutafutie yale magumu?”

Mjomba akala, akasogeza bakuli aongezwe. Danka akapakua, akamjazia hadi ukingoni.