Gololi Ishirini na Mbili

Jumamosi, Oktoba 31, 1998. Mvua ilikatika alfajiri, lakini mawingu mazito yalibaki juu ya majaruba ya mpunga ya Kagongwa, na njia ilikuwa tope tupu.

Jumatatu naanza mtihani wa kidato cha nne mjini Kahama. Nina miaka arobaini na minne. Nimesoma madarasa ya jioni miaka mitano, na mtihani wenyewe nimeukwepa mara mbili: kwanza nilisema homa, mwaka uliofuata nikasema kulima. Sasa baiskeli yangu ya gia ilikuwa inasaga penye pedeli kama jiwe la kusagia, na fundi alikuwa shambani. Mke wangu, Paskazia, aliniangalia nikiipindua uani.

"Baba Herman, mwaka huu ni zamu ya baiskeli kuumwa?"

Nilifanya ishara ya msalaba, nikagonga pini kwa nyundo, mikono ya pedeli ikatoka. Kikombe cha kushoto, kinachoshika gololi, nilikilegeza kwa bisibisi, nikaivuta ekseli pamoja na gololi zilizolika. Nikasafisha ndani ya fremu kwa mafuta ya taa, nikapaka grisi. Gololi mpya nilizinunua dukani kwa Rohit. Ili nisikosee hesabu, nilizipanga kwa rozari: gololi moja, Salamu Maria moja. Kumi upande huu, kumi upande ule. Zikabaki mbili. Nikamwombea Rohit baraka kwa nyongeza yake, nikafunga.

Ekseli ikacheza kama jino la mtoto.

Limi, mdogo wake Paskazia, ambaye hupeleka mchele gulioni kwa baiskeli, alikuwa amekuja kumsalimu dada yake. Akaziona zile mbili kwenye sahani.

"Shemeji, hizi umemwachia nani?"

"Nyongeza hizo."

"Nyongeza! Kila upande zinaingia kumi na moja. Umehesabuje?"

Nikamweleza. Akacheka hadi akashika ukuta.

"Salamu Maria kumi, sawa. Na Baba Yetu ya kuanzia kila kumi je? Umeiacha kwenye sahani?"

Jirani yetu, Bibi Mageni, akaja kuuliza kuna sherehe gani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akasimuliwa yote, akacheka upya kwa niaba ya mtaa mzima.

Nikafungua tena. Nikasali Baba Yetu mbili, gololi zikaenea. Safari hii pedeli ilizunguka kimya.

"Haya, baiskeli imepona," Paskazia alisema. Hakuwa anacheka tena. "Jumatatu utaumwa nini?"

Nilitaka kusema Mungu akipenda, lakini ndivyo nilivyosema miaka ile miwili, kana kwamba Yeye ndiye aliyekuwa hapendi.

"Naogopa hisabati, Mama Herman."

"Kwa gololi zile, hata mimi ningeogopa," Limi alisema.

Nikasimama, mikono imejaa grisi.

"Mama Herman, shemeji, Bibi Mageni, nisikieni wote watatu. Jumatatu, kabla ya saa mbili asubuhi, nitakuwa nimekaa ndani ya chumba cha mtihani Kahama. Baiskeli ikikataa njiani, nitakwenda kwa miguu."