Mkuku wa Boti ya Nazmi

Mume wangu Sermet alikagua boti za watu kwa miaka kabla hajanunua ya kwake, na iliyomuua ndiyo pekee ambayo hakuikagua. Nalisema hili mapema ili usije ukanifuata ukitumaini kwamba mwishoni atapona. Hatapona. Baada ya kumzika nilitaka jambo moja tu: kusikia kutoka kinywani mwa Nazmi, rafiki yake aliyemuuzia boti ile, kama alijua.

Sermet alikuwa mwalimu wa jiografia hapa Izmir. Alifundisha watoto wa watu majina ya bahari zote za dunia, na yeye mwenyewe alivuka ghuba kwa feri kama sisi wengine, na gazeti kwapani. Alipostaafu tukauza shamba la mizeituni aliloachiwa na baba yake, akaanza kutafuta boti ya matanga iliyotumika, ya kutubeba sisi wawili mpaka visiwani na kuturudisha. Boti mpya ni za madaktari wa meno, alisema.

Basi nikawa mke wa mkaguzi. Jumapili zetu zote ziliishia Urla, Çeşme au Sığacık, kwenye yadi ambako boti hupandishwa nchi kavu na kuegemezwa nguzo. Mimi nilibeba mikate ya ufuta na chupa ya chai, yeye nyundo yake ya plastiki. Alipita ubavuni mwa boti akigonga polepole, sikio amelitega. Palipolia kavu, sawa. Palipolia zito, maji yameshaingia ndani ya faiba, twende zetu. Alipitisha pamba kwenye nyaya zinazoshikilia mlingoti aone itanasa wapi, maana mlingoti hauanguki kabla uzi mmoja haujakatika kwanza. Alinusa magodoro, alinusa choo, alitia kidole kwenye oili ya injini na kukisugua mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Akikuta rangi mpya kwenye ngama, kule chini kabisa ndani ya boti panapokusanyika maji machafu, alifunga begi lake. Alisema ni sawa na mtu kujipulizia manukato bila kuoga.

Lakini muda mrefu kuliko wote aliutumia amelala chali mavumbini, akitazama mkuku. Hilo ni lile pezi zito la chuma lililofungwa kwa bolti chini ya boti, ambalo ndilo linaloizuia isipinduke.

"Mualla, hebu inama uone," aliniita siku moja. "Unaona huu ufa, mwembamba kama unywele, hapa mkuku unapokutana na tumbo? Hii ilipanda mwamba."

"Si wataziba?"

"Wataziba, watapiga puti na rangi, na wewe hutaona kitu. Matanga unanunua mengine. Injini unanunua nyingine. Mkuku ukiachia baharini, hununui kitu tena."

Madalali walimchukia. Mmoja wa Çeşme alimuuliza mbele ya wateja, "Mwalimu, wewe unanunua boti au unaoa?"

"Ningekuwa naoa ningekuwa na haraka," Sermet akajibu, na yadi nzima ikacheka. Mimi nilimfinya, lakini nilicheka pia.

Nazmi alikuwa rafiki yake wa jeshini. Vijana wetu wote hupelekwa jeshi, wapende wasipende, na wawili hawa walitupwa pamoja Kars, mpakani, kwenye theluji inayofika kiunoni. Kidole tumbo cha Sermet kilipasuka wakati theluji imefunga barabara. Nazmi alimbeba mgongoni kushuka mlima mpaka kituo cha chini kilichokuwa na gari. Hadithi hii nimeisikia mezani kwangu mara nyingi kuliko jina langu. Kila Sermet alipoisimulia, Nazmi aliinamisha macho kwenye sahani.

"Alikuwa mwepesi, shemeji," alikuwa akiniambia. "Kwa tumbo hili la sasa ningemwacha hukohuko."

Nazmi alikuwa na boti yake, aliyoinunua ikiwa imetumika kwa Mjerumani mmoja. Jioni moja alikuja kwetu na mkewe Perihan, tukala samaki, na wakati wa tikiti maji akasema, bila kumtazama mtu, "Perihan amechoka na bahari. Naiuza."

Sermet aliweka uma chini. "Unamuuzia nani?"

"Sijui. Atakayeitaka."

Hakusema nunua wewe. Sermet naye hakusema niuzie mimi. Kwetu hapa rafiki hasukumiwi kitu wala haombwi kitu, mambo huzungukwa mpaka yajikubali yenyewe. Yalijikubali kwenye kahawa: Sermet ndiye angeinunua.

Wageni walipoondoka nikamwambia mume wangu, "Utaipandisha nchi kavu kwanza, uitazame chini."

"Boti ya Nazmi?"

"Boti ni boti."

"Mwanamke, mtu amenibeba mgongoni kwenye theluji, halafu mimi nimwendee na nyundo? Nilale chini ya boti yake kama ofisa wa forodha?"

"Madalali wote umewalalia chini ya boti zao."

"Wale ni madalali! Huyu tumekula mkate na chumvi sahani moja. Kungekuwa na kitu angeniambia. Kumuuliza tu ni kumtukana."

"Basi mtukane, Sermet. Atakusamehe. Mtukane halafu mnunulie chakula."

Alicheka, akanibusu kichwani, na mimi nikajua nimeshindwa. Ugonjwa huu tunao sisi watu wa hapa. Kwa mgeni tuna macho manne. Kwa rafiki tunafumba hata haya mawili tuliyozaliwa nayo, na tunaita heshima.

Siku ya makabidhiano, huko Urla, nilikataa kusogea karibu. Nilikaa kwenye mgahawa wa chai wa yadi, nimenuna. Nikaona kreni ya kupandishia boti, lile fremu kubwa lenye magurudumu na mikanda, linakuja gatini, na dereva wake Tarik anapiga mluzi juu. Moyo wangu ukatulia. Nikadhani Sermet ameiagiza kimyakimya ili kunifurahisha. Kisha nikamwona anatikisa mkono, anamwambia Tarik rudi, rudi. Akamkumbatia Nazmi hapo mbele ya wafanyakazi wote, kwa muda mrefu, akimpigapiga mgongoni. Kreni ikageuza. Nilikasirika hata chai ikapoa.

Alikuja mezani macho yamemlowa. "Imekuwa yetu, Mualla. Na nimeangalia ngama, usiseme sikuangalia. Nyeupe kama sahani. Rangi mpya kabisa."

"Rangi mpya?"

"Nazmi ni mtu msafi."

"Na manukato bila kuoga?"

"Hayo ni ya watu wengine," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akanikasirikia kidogo.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa ya kwenda Foça. Mchana upepo wa imbat ukaanza kama unavyoanza kila siku ya kiangazi, upepo ambao watoto wetu hulala usingizi ndani yake, hakuna mtu anayeuogopa. Boti ililala ubavu vizuri, maji yakipiga kelele chini. Sermet alinipa usukani. Aliniambia nimekaa kama nahodha wa feri ya Karşıyaka, tena yule mkali, akashuka ndani kuchemsha chai.

Nilisikia kishindo chini, kama kabati lililoangushwa kwenye ghorofa ya jirani. Boti ikainuka, ikawa nyepesi mkononi mwangu, na sikuelewa. Kisha ikalala, ikaendelea kulala, haikusimama. Nikajikuta majini na kamba shingoni. Nilipojitoa, tumbo la boti lilikuwa juu na mlingoti ulikuwa chini, na Sermet hakuwepo.

Nilipanda juu ya lile tumbo kwa kucha. Nikamsikia. Alikuwa ananigongea kutoka ndani, hapo chini ya magoti yangu. Nikamjibu kwa kiganja. Niliita jina lake, nadhani na yeye aliniita, lakini kilichopita kwenye faiba ni mlio wa kugonga tu. Aligonga, nikagonga. Akapumzika, akagonga tena, mara hii polepole. Kisha nikagonga mimi peke yangu.

Palepale nilipokuwa nimepiga magoti ndipo mkuku ulipokuwa umefungwa. Matundu ya bolti yalikuwa wazi. Upande mmoja faiba ilikuwa imechanika upya, nyeupe. Upande wa pili ufa ulikuwa wa zamani, umeingia kutu na uchafu, na juu yake puti ya kijivu iliyopigwa kwa ustadi na kulainishwa. Jumapili zote zile hazikuwa bure. Niliisoma kama yeye angeisoma, wakati yeye yuko chini yangu ameshanyamaza.

Wavuvi wa Foça walinitoa. Sermet alitolewa na wapiga mbizi.

Msikitini, jeneza likiwa juu ya jiwe, imamu aliuliza kama ilivyo desturi, ili maiti aende bila deni la mtu: haki zenu juu ya marehemu mmemhalalishia? Watu wakajibu, tumemhalalishia. Nazmi alikuwa mstari wa mbele na sauti yake ilizidi zote. Nilikuwa nyuma na wanawake, nikiizuia nafsi yangu nisipige kelele. Nilijiambia labda puti ile ilikuwa ya yule Mjerumani. Labda Nazmi naye aliuziwa mbuzi kwenye gunia. Nilitaka sana iwe hivyo, kwa sababu Sermet alikuwa na rafiki mmoja tu wa kiwango kile, na sikutaka ampoteze na huyo pia baada ya kufa.

Arobaini ilipofika, Nazmi akaleta mkokoteni wa lokma mbele ya jengo letu, Karşıyaka. Hizi ni kaimati tunazowakaangia wapita njia kwa ajili ya roho ya marehemu. Karai kubwa, shira, vibakuli vya karatasi. Foleni ilifika mpaka duka la dawa. Nazmi alikataa kukaa. Alivaa aproni, akawa anagawa kwa mkono wake, na kila aliyepokea alisema, "Mungu amrehemu," na majirani wakasema jamani rafiki ndiye huyu.

Nikasimama kando yake. "Nazmi, nakuuliza mbele ya karai hili. Mkuku ule uliupiga puti wewe?"

Aliendelea kujaza kibakuli. "Shemeji, watu wanatuona."

"Ulijua?"

"Nilipanda mwamba Karaburun, msimu uliotangulia." Alimpa mzee mmoja bakuli lake, akangoja asogee. "Mafundi walisema itashika. Mmoja alisema haitashika."

"Na ukamuuzia."

"Nilimwambia Tarik alete kreni!" Sauti ilimpasuka, akaishusha. "Mimi, si yeye. Kamuulize Tarik. Niliogopa kusema kwa mdomo, nikasema moyoni, acha ipande juu, Sermet atautazama ule mstari mara moja, atajua yote, ataniambia Nazmi mbona hivi, na mimi nitashusha bei au nitaiacha. Nilikuwa nimejiandaa, wallahi. Akaja akamrudisha Tarik. Akasema kwa sauti, watu wote wakasikia, mimi nimpandishe Nazmi kwenye kreni? Akanikumbatia."

"Na wakati amekukumbatia, sikio lake lilikuwa hapa." Nilimgusa kwenye mdomo kwa kidole. "Lilikuwa hapa, Nazmi. Hukuhitaji hata kupaza sauti."

"Angenionaje, shemeji?" Machozi yalimshuka, akayafuta kwa mkono wenye unga. "Baada ya maneno yale, angenionaje? Nihalalishie. Nakuomba, leo siku yake, nihalalishie."

Niligeukia foleni. Sikupiga kelele, nilisema kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia Sermet darasani, ya kufika dawati la mwisho.

"Mume wangu alikufa kwa sababu mkuku wa boti aliyouziwa ulikuwa umevunjika. Huyu anayewagawia alijua. Amekiri sasa hivi."

Mafuta yaliendelea kuchemka. Kijana mmoja alitazama viatu vyake. Jirani yangu wa ghorofa ya tatu, aliyelala kwangu usiku wa msiba na kunilisha supu kwa kijiko, alinishika kiwiko.

"Mualla, dada yangu, aibu," akaninong'oneza. "Siku ya marehemu. Ana uchungu kama wewe tu, tazama anavyolia."

Kisha akamgeukia Nazmi, akanyoosha mkono, akapokea bakuli lake na kusema, "Mungu amrehemu." Waliokuwa nyuma yake wakasogea.