Moto wa Samadi

Majirani husema nilijiunga na mafunzo ya kujitolea bustanini kwa sababu ya njaa. Waongo wakubwa. Mimi Fardosa nilijiunga kwa ajili ya Bare.

Mafuriko ya mwaka tisini na saba yalipomeza shamba lake kando ya Mto Tana, Bare alihamia kwenye malka, njia yetu wafugaji ya kupeleka mifugo majini. Akaiziba kwa matawi ya miiba na kupanda nyanya. Mbuzi wangu waliosalia baada ya maradhi ikabidi wanywe kwenye kona ya mto, palipojaa mamba. Nikapoteza mbuzi wa maziwa, kisha wa pili. Nilipomshtaki kwa wazee, akawaambia mbele yangu, "Huyu mama anajua kufuata mkia ya mbuzi tu. Mambo ya shamba yeye hajui." Wazee wakacheka. Kicheko kile sikukisahau.

Kwa hiyo Shukri, afisa wa kilimo kutoka mjini Garissa, alipotafuta wanawake wa kufunza, nilikuwa wa kwanza kufika. Nilitaka kujua kila anachojua Bare, nipate pa kumshikia. Kila mwanafunzi alitakiwa aoteshe kitalu cha miche ya sukuma wiki. Kikistawi, angepewa mbegu pamoja na kikundi cha wanawake wa kufundisha.

Siku moja Shukri akachota mchanga ulioachwa na mafuriko. "Huu hauzai kitu bila samadi ya zamani," akasema.

Niliketi wima. Kwetu, samadi ya zizi lililohamwa ni taka. Anayeitaka hujichukulia, hata haombi. Miaka yote Bare alikuja na mkokoteni wake wa punda akazoa kwenye zizi langu la zamani, nami nikamwona mjinga anayebeba uchafu. Kumbe nilikuwa nikimlisha! Na sasa mafuriko yalikuwa yamesomba marundo mengine yote. Lililobaki ni langu, kule mwinukoni.

Niliporudi nilichukua makaa jikoni nikayafukia ndani ya rundo lile. Samadi haiwaki kwa ndimi. Hujila polepole kwa ndani, na moshi wake tunautumia kufukuzia mbu. Nani angenilaumu?

Bare alifika na magunia yake akasimama mdomo wazi. "Walaal, dada yangu, nini hii?"

"Nafukuza mbu."

"Nyanya yangu imetoa maua! Bila hii mbolea, imekwisha!"

"Fungua malka."

Akaapa wallahi ataifungua akishavuna. Nikainama nikapuliza makaa. Basi akakimbia, akang'oa miiba kwa mikono mitupu mpaka ikatoka damu, na jioni ile mbuzi wangu walipita katikati ya nyanya zake wakanywa wakashiba. Nilisikia raha ambayo sikuwahi kuionja tangu mafuriko.

Akarudi na madebe ya maji, akamwaga. Moshi ukazima huku ukatokea kule. "Nimefungua," akasema kwa sauti ya kulia. "Zima sasa."

"Huo hauzimiki, Bare. Nilikwambia ufungue. Sikukwambia nitazima."

Lakini na mimi nilikuwa na kitalu. Shukri alipokuja kukikagua, miche yangu ilikuwa imenyauka, manjano tupu. Akauliza samadi yangu iko wapi. Nikamwonyesha moshi. Aliutazama, akanitazama, akasema hawezi kunikabidhi wanawake wa watu.

Iliniuma. Miche ile ndiyo kitu cha kwanza nilichokiotesha kwa mikono yangu. Nilikuwa naamka mapema kuitazama, naisemesha kama watoto, nami nikaiua. Shukri alipoondoka nililia, nikajifuta machozi kwa shashi, kitambaa changu cha kichwani, nikawaswaga mbuzi wangu kwenda majini. Bare alikuwa amechuchumaa kando ya njia, kati ya mashina yake makavu. Nikamtolea salamu ndefu, nikamuuliza afya yake, watoto na shamba, na sikuondoka mpaka alipojibu yote.