Pumzi Kabla ya Mlio

Watoto wa majirani ndio waliompa jina la Mama Kimya, na jina likamkaa kama nguo iliyokatwa kwa vipimo vyake. Kila alasiri alitoa kichwa dirishani akiomba mpira usogezwe mbele kidogo, redio ipunguzwe kidogo, fundi wa pikipiki naye azime injini kidogo tu, robo saa. Hiyo robo saa ilichukua miezi minne. Ndani, mumewe alikuwa akipiga marimba, kibao kimoja kimoja, na yeye akimrekodi.

Walitaka kuitia ile marimba ndani ya kompyuta, ili mtu yeyote anayetengeneza muziki, hata kama hajawahi kuiona ya mbao, abonyeze kinanda chake na sauti ya mbao itoke. Kwa hiyo kila kibao kilipigwa kwa nguvu nne, kuanzia mguso wa unyoya hadi kishindo, na kila nguvu mara tatu, maana mlio mmoja ukirudiwa-rudiwa sikio linagundua upesi kuwa hii ni mashine. Baada ya kila pigo waliungoja mlio ufe wenyewe. Hapo hukohoi, hujikuni.

Friji nayo ilizimwa, kwa sababu ilinguruma. Mara ya kwanza walisahau kuiwasha, maziwa yakaganda na nyama ikanuka. Tangu hapo mumewe alikuwa akivua ndala moja na kuiweka ndani ya friji kabla ya kurekodi. Kazi ikiisha, anatafuta ndala, anaikuta, anawasha friji.

Watu walimwita Taratibu, kwa sababu hata chai aliinywa kama anayeisoma. Kwenye kazi alikuwa na kasoro moja tu. Kabla ya kupiga alivuta pumzi puani, fupi, yenye mluzi kwa mbali, kama mtu anayetaka kutia mguu kwenye maji baridi.

"Zuia pumzi, mume wangu. Inaingia."

"Nikiizuia, mkono nao unagoma."

"Basi nitaikata."

"Ikate tu. Kwani mimi sina nyingine?"

Walianza na vibao vidogo wakishuka kwenye vikubwa. Vilipobaki viwili, vile vinene vya mwisho ambavyo mlio wake unakaa muda mrefu, Taratibu akashikwa na homa. Siku ya nne hakuamka.

Watu walipokwisha kutawanyika, Mama Kimya alirudi kwenye kompyuta. Hakujua mahali pengine pa kukaa. Wiki tatu alikata. Ndiyo kanuni ya kazi ile: unakata mwanzo wote mpaka pale kirungu cha kupigia kinapogusa mbao, ili mtu akibonyeza, sauti iitike papo hapo. Faili iliyokatwa aliihifadhi juu ya ile ya kwanza, kwa kuwa kompyuta ilikuwa imejaa, na ndivyo walivyokubaliana tangu mwanzo. Vibao hamsini, mapigo mia sita.

Alipomaliza lile la mia sita, akatamani kumsikia mumewe kidogo. Akafungua kibao cha kwanza. Mbao. Akafungua cha ishirini. Mbao. Akaongeza sauti hadi masikio yakauma. Mlio ulikuja safi, hauna mtu. Pumzi mia sita za mumewe, na aliyezifuta ni yeye. Kwenye simu hakukuwa na kitu pia. Taratibu hakuwa mtu wa kutuma sauti, alikuwa akiandika "sawa" na kumaliza.

Siku mbili alipekua kila mahali. Siku ya tatu akaacha, kwa sababu kesho yake marimba ilikuwa inaondoka. Taratibu mwenyewe alikuwa ameiahidi kwa shule ya jirani. Ilibaki alasiri moja ya kurekodi vile vibao viwili, la sivyo kazi ibaki nusu. Akampigia wifi yake, dada mdogo wa Taratibu, fundi cherehani, ambaye alifundishwa marimba na kaka yake akiwa bado anasimama juu ya kreti ili afikie vibao.

Mama Kimya alikuwa ameshazima friji na kuitia ndani ndala ya mumewe, kama mwenyewe alivyozoea. Wifi alifika na sindano mbili zimechomekwa kifuani, akaenda moja kwa moja kutafuta maji ya kunywa.

"Wifi! Huku kwenye friji kuna ndala!"

"Iache."

"Ndala ya kaka, wifi. Imelala ubavuni mwa nyanya. Mnaila au mnaihifadhi isichache?"

Mama Kimya alicheka. Hakuwa amecheka tangu msiba, na kicheko kilimtoka kimepinda, kikaishia kwenye upindo wa khanga. Wifi akamshika bega, akakaa naye hivyo mpaka akatulia.

"Haya, niambie nipige wapi. Lakini usinibwekee kama ulivyokuwa ukimbwekea yeye."

"Kile kikubwa kabisa. Polepole kwanza. Nikiinua mkono, piga."

Mama Kimya akavaa vipokea sauti masikioni, akafunga mlango uliotundikwa blanketi. Akainua mkono.

Na kabla kirungu hakijashuka, akaisikia. Fupi, puani, yenye mluzi kwa mbali. Kisha mlio mnene ukajaa chumba, ukatembea, ukapungua, ukaenda zake.

Wifi alikuwa amejiziba mdomo. "Nimeharibu, eti? Nimepumua. Yule alinifundisha vibaya, alikuwa akisema mkono unakula pumzi."

Neno la miezi minne lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Mama Kimya. Akalimeza.

"Hujaharibu," alisema. "Rudia. Pumua hivyo hivyo."

Walipiga mapigo yote ishirini na manne. Jioni haijaingia, Mama Kimya akafungua faili ya kwanza mbele ya wifi yake. Akaweka alama ya kukata pale kirungu kinapogusa mbao, kama kawaida. Akaitazama. Akairudisha nyuma mpaka mwanzo kabisa.

"Si itachelewa?" wifi aliuliza. "Mtu akibonyeza?"

"Itachelewa kidogo."

"Watakulalamikia."

"Walalamike. Vibao hamsini nimewapa safi. Hivi viwili watangoja."

Wifi akainuka kwenda jikoni. Friji ikasikika ikianza kunguruma.

"Na hii ndala, wifi? Imekuwa baridi kama barafu."

Mama Kimya alikuwa anasikiliza tena lile pigo la kwanza.

"Ilete," alisema. "Mwenzake iko chini ya kitanda. Niiweke nayo."