Mwalimu Mkuu na Kundi la Pili

Mwalimu Mkuu alistaafu kazi mwaka mmoja, na mwaka uliofuata figo zake nazo zikastaafu. Tangu hapo, siku tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila siku, alilala kwenye kitanda cha dirishani huku mashine ikimtoa damu, ikiisafisha na kumrudishia.

Asubuhi moja daktari kijana aliyekuwa akifanya utafiti aliingia na bahasha kumi na mbili. Alieleza kwamba wagonjwa sita watafungiwa pedali mwisho wa kitanda, wakanyage kama wanaoendesha baiskeli huku damu ikisafishwa. Sita wengine watalala kama kawaida. Baada ya miezi mitatu wote watapimwa, ionekane nani anatembea mbali zaidi kwa dakika sita. Kundi la mtu litaamuliwa na bahasha.

Mwalimu Mkuu akafungua yake. Kundi la pili, la kulala.

"Yaani nimefeli," akasema.

"Hakuna kufeli, mama. Kundi la pili ni muhimu sana. Bila ninyi hatuna wa kulinganisha nao."

Mwalimu Mkuu alikuwa amewaambia watoto wa watu maneno ya namna hiyo kwa miaka thelathini na nne, na alijua fika huambiwa nani.

Kibaya zaidi, kitanda cha jirani kilikuwa cha Dereva, mzee aliyeendesha malori maisha yake yote, naye akapata pedali. Basi hapakukalika.

"Leo nimekata kilomita saba," Dereva alitangaza. "Kesho Mungu akipenda napanda mlima." Kisha akapiga honi kwa mdomo, mpaka nesi akaja mbio akidhani ni mashine inayolia.

"Kilomita saba, na bado uko kitanda kile kile," Mwalimu Mkuu akamjibu.

"Wivu huo, Mwalimu."

Ulikuwa wivu kweli. Wiki ya pili akaisoma upya fomu aliyotia sahihi, mstari kwa mstari. Ilisema kundi la pili "litaendelea na maisha yake ya kawaida". Akawakusanya wenzake watano.

"Maisha yangu mimi ya kawaida," akawaambia, "ni kuchezesha gwaride watoto mia nane kila Jumatatu. Fomu imekataza pedali. Miguu haijaikataza."

Hakuna aliyekuwa na ubavu wa kubisha. Kuanzia siku hiyo, manesi walipokuwa wakitayarisha mashine, kundi la pili lilikuwa kwenye korido ya nyuma, karibu na stoo ya mashuka, likienda na kurudi. Fundi cherehani alitangulia, kinyozi akafunga msafara, na Mwalimu Mkuu akawa pembeni akinong'ona kwa ukali: "Mikono! Mbona mikono imelala?" Nyumbani nako aliizunguka nyumba mpaka mkwewe akaingiwa na wasiwasi.

"Mama, umepoteza nini?"

"Sijapoteza kitu, mwanangu. Ni maisha yangu ya kawaida."

Miezi mitatu ikatimia. Daktari akaweka koni mbili kwenye korido kuu na kushika saa. Mwanzoni makundi yote mawili yalikuwa yamelingana. Sasa Dereva alitembea mita mia tatu na arobaini, akarudi kifua mbele. Mwalimu Mkuu akapata mia nne na kumi. Kinyozi akapita mia nne na thelathini, na hakuwa hata anahema. Daktari akapima upya umbali kati ya koni. Akabadilisha saa. Mwishowe akavua koti, akaketi.

Siku iliyofuata ya kusafishwa, Mwalimu Mkuu akamsikia nje ya mlango akizungumza na profesa wake kwa simu. "Sielewi, Profesa. Inaonekana pedali zinawadhoofisha. Labda tuzifungue."

Dereva naye alisikia. Akaitoa miguu kwenye pedali polepole, akajifunika shuka hadi kidevuni.

"Kumbe muda wote huo nilikuwa narudi rivasi," akasema. Hakupiga honi siku hiyo.

Mwalimu Mkuu alikuwa ameshinda, na ushindi ukamkaa rohoni kama tonge lililokwama. Alivumilia dakika kumi.

"Daktari! Njoo hapa. Tumeibia mtihani."

Akamweleza yote, kuanzia stoo ya mashuka mpaka gwaride. Daktari akapauka.

"Kuna aliyeanguka? Aliyezimia? Maji yakijaa mwilini kabla ya mashine, moyo huchoka, mama!"

"Fundi cherehani alibanwa misuli mara mbili. Nikampumzisha." Akatoa daftari chini ya mto. "Ni rejista. Tarehe, dakika, waliohudhuria, wagonjwa na watoro."

Daktari akaifungua. Mtoro alikuwa mmoja tu, kinyozi, siku mbili, na sababu zilikuwa zimeandikwa kwa kalamu nyekundu. Akasoma hadi mwisho, akacheka mpaka akajishika ubavu, kisha akakumbuka kuwa amekasirika.

"Utafiti wangu umeuvuruga, mama."

"Najua. Nisamehe, mwanangu. Lakini usiandike kwamba pedali ni mbaya."

Profesa aliamua kila kitu kiandikwe kama kilivyotokea, na rejista iambatanishwe. Pedali hazikufunguliwa, kwa sababu waliozikanyaga nao walikuwa wameongeza mita arobaini tangu mwanzo. Gwaride likapigwa marufuku hadi lipate kibali na nesi wa kulisimamia. Mwalimu Mkuu, aliyezoea kuandikia wengine barua za onyo, akapokea ya kwake kwa mikono miwili.

Dereva alimnunia wiki nzima. Siku tatu, saa nne kila siku, vitanda viwili vilivyoachana hatua moja, na hakuna neno. Mwalimu Mkuu hakuwahi kuadhibiwa vile. Siku ya nne mzee akakohoa.

"Mwalimu."

"Naam."

"Yule kinyozi anatembea kwa kuburuta mguu wa kushoto. Hukumrekebisha."

"Nimemwambia mara ishirini!"

"Mwambie atue kisigino kwanza," Dereva akasema, akajigeuza kitandani amwelekee vizuri, na mabishano yakaanza.