Igizo la Msafara

Siku hiyo Resiato aliamka akiwa amechoka kabla hata ya kazi kuanza. Alipiga magoti kando ya kitanda akamwomba Mungu ampe maneno, kisha akakaa kimya akisubiri. Maneno hayakuja. Akanywa chai, akafunga mlango, akashuka mjini.

Alikuwa mwelimishaji katika jumba moja dogo la makumbusho la Arusha, ambako shule za msingi huleta wanafunzi wanaosoma habari za biashara ya utumwa. Walimu walilipenda kwa ajili ya igizo la msafara, ambalo Mzee Thomasi, mkuu wa kitengo chao, alikuwa amelitunga mwenyewe. Watoto kadhaa hufungwa kamba ya katani kiunoni, hubebeshwa pembe za ndovu za mbao, wakazunguka ukumbi. Mbele yao hutembea mtoto mmoja mwenye kilemba cheupe na fimbo. Huyo ndiye Mwarabu. Mzee Thomasi hakuwa na shida ya kumpata. Alitupa macho tu, akiona kofia au hijabu, basi amempata. Watoto walicheka, walimu walicheka, na basi likiondoka jina lilikuwa limeshamganda mtoto huyo: "We Mwarabu, sogea huko!"

Kauthar, mwelimishaji mwenzake aliyekuwa bado kwenye mkataba wa muda, alishawahi kumweleza Mzee Thomasi kwamba hilo linawaumiza watoto. Mzee alicheka, tena bila ubaya wowote. "Binti, unalichukulia kidini. Huu ni mchezo." Tangu hapo Kauthar akifungua mdomo kikaoni, hakosekani wa kutania, "Haya, shehe wetu anasemaje?"

Ndiyo maana jana yake, walipokuwa wakipanga viti, alimsogelea Resiato, akamwita kwa jina la mwanawe.

"Mama Lesian, kesho wanakuja darasa la mwanangu Arafa."

"Najua, mdogo wangu."

"Mimi nikisema inakuwa dini. Ukisema wewe inakuwa kazi. Halafu mnasali usharika mmoja, anakusikiliza."

"Nitaongea naye asubuhi."

"Uliniambia hivyo hivyo kabla ya Pasaka."

Resiato aliinamisha kichwa akaendelea kupanga viti. Angesema nini? Mume wake alipofariki, Mzee Thomasi ndiye mzee wa kanisa aliyesimama na familia mpaka kaburini, na ndiye aliyemtafutia kazi hii. Mtu kama huyo unamwanzaje?

Asubuhi alimkuta ofisini akifungua madirisha.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Magoti yanasemaje leo?"

"Yanasumbua kidogo. Mzee, nilikuwa naomba..."

"Baridi hii ya mlimani! Nilikwambia uvae soksi ndefu, hutaki. Unataka uonekane msichana?"

Resiato akacheka, maana Mzee alikuwa anachekesha. Alipomaliza kucheka, basi la shule lilikuwa linapiga honi getini.

Kauthar alikuwa amepangiwa mapokezi siku hiyo. Watoto walipopita mbele yake wakielekea ukumbini alimgusa Arafa begani, kisha akamwangalia Resiato.

Ukumbini mambo yalikwenda kama siku zote. Mzee Thomasi alieleza, watoto wakatulia, kamba zikafungwa, pembe zikagawiwa.

"Haya! Sasa mkubwa wa msafara ni nani?" Macho yake yakapita juu ya vichwa. "Wewe binti wa hijabu..."

Hakuwa amemaliza. Arafa alishasimama, alishafika mbele, na mkono wake ulikuwa umeshanyooshwa kupokea fimbo. Hakutabasamu wala hakununa. Alisimama kama mtoto aliyetumwa maji na anajua bomba liko wapi.

"Si niliwaambia atakuwa yeye!" alisema mvulana mmoja nyuma, na darasa zima likaangua kicheko.

Resiato aliinama karibu naye. "Arafa, unataka kuigiza huyu?"

"Sijui, mama mkubwa. Hata shuleni huwa ni mimi. Nimezoea."

Lile neno lilimwingia Resiato mwilini. Mtoto wa miaka kumi, amezoea. Hapo hapo, bila kujua ataanzia wapi, akainuka.

"Mzee Thomasi, samahani. Naomba leo tusiigize."

Mzee Thomasi alibaki ameshika fimbo hewani.

"Watoto, kaeni chini," Resiato akasema. "Biashara ile ilikuwa na watu wa kila aina. Wako waliotoka pwani. Wako machifu wa bara waliouza watu wao. Wako Wazungu walionunua pembe zilizobebwa na hao watumwa. Mimi nikiwatazama ninyi siwezi kumchagua mmoja nikasema huyu anafanana nao. Hakuna. Na jina hilo mnalomwita mwenzenu, si jina lake."

Hakusema vizuri. Alirudia maneno, akasahau mengine, na watoto waliokuwa wamefungwa kamba walianza kuvutana. Mwalimu Calvin, aliyewaleta, alinong'ona kwamba watoto wamelisubiri igizo wiki nzima. Arafa alirudi kukaa mahali pake akiwa ameinamisha uso.

Basi lilipoondoka, Mzee Thomasi alimwita ofisini. Hakufoka, na hilo lilimuumiza Resiato zaidi.

"Umenivua nguo mbele ya watoto."

"Nisamehe kwa kukukatiza, Mzee. Nilipaswa kukueleza kabla."

"Mimi nina wajukuu Waislamu. Leo nimekuwa mbaguzi?"

"Sijasema hivyo."

"Sasa umesema nini?" Alikaa, akasugua macho. "Nasikia yule ni mtoto wa Kauthar. Yeye ndiye aliyekutuma. Sema tu, hakuna atakayekulaumu."

Mlango wa kujinasua ulikuwa wazi kabisa mbele ya Resiato. Angeitikia kwa kichwa tu, na jioni wangekuwa wanacheka tena habari za magoti. Na mwezi ujao, mkataba wa Kauthar ungefika kwenye meza hii hii kuamuliwa.

"Sijatumwa, Mzee. Nimeliona mwenyewe. Nimekuwa naliona miaka yote, nikanyamaza."

Mzee Thomasi alivuta kalenda ya mezani. "Ijumaa kuna shule nyingine," akasema. "Igizo liko pale pale."

"Basi na mimi nitasema vile vile."

Mzee alimwonyesha mlango kwa kidevu.

Kauthar alikuwa nje, anakunja mkeka wa watoto. Resiato aliushika upande wa pili. Moyoni alitegemea shukrani, walau kidogo.

"Arafa ameniuliza amekosa nini," alisema Kauthar. "Anasema alinyang'anywa nafasi mbele ya wenzake, na wewe ukamtaja."

"Mungu wangu. Ukamjibu nini?"

"Ningemjibu nini wakati basi linaondoka? Nimemwambia utakuja kumweleza mwenyewe." Alifunga mkeka kwa kamba. "Jumamosi. Nyumbani kwetu, Lemara."

Jumamosi kulikuwa na kwaya, kulikuwa na kufua, kulikuwa na maharage ya kupalilia kwa mama mkwe.

"Nije saa ngapi?" Resiato akauliza.