Viwavi wa Mwaloni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi ya mwisho ya Mei, ndege jike aliingia kisandukuni bila kitu mdomoni.

Niliona hayo kwenye televisheni iliyokuwa jikoni kwa jirani yangu, Wilfred Ormerod. Alikuwa ameweka kamera ndani ya kisanduku cha kiota kilichotundikwa kwenye mti wa mwaloni bustanini kwake, na tangu hapo akajiita mtaalamu wa ndege. Vifaranga saba walipanua midomo. Mama yao, kindege wa kofia ya buluu na kifua cha njano, aliwatazama, akatoka.

"Umewasikia? Wanaimba," Wilfred alisema.

"Wana njaa."

Siku hiyo kijiji kilifungua bustani zake kwa wageni, kama kila mwaka. Watu hulipa kiingilio kwa ajili ya paa la kanisa, huyasifu maua ya wenzao, kisha huyateta wakifika barabarani. Wilfred alitaka kusifiwa kuliko wote. Viwavi wa mwaloni walikuwa wakining'inia kwa nyuzi juu ya meza za chai, kwa hiyo Jumanne alipulizia mti mzima dawa ya kuua wadudu. Ndege hawa hulea watoto wao kwa viwavi hao hao. Jambo hilo limeandikwa katika kila kitabu kilichopamba rafu yake.

"Nimewatundikia karanga," alijitetea. "Mfuko mzima!"

"Kifaranga hamezi karanga, Wilfred. Itamkaba."

"Si mama yao atawatafunia? Kwani kazi yake nini?"

Nilikuwa nimeleta kopo la funza hai kutoka duka la chambo. Wangewekwa mtini asubuhi ile, vifaranga wangeweza kupona. Mkewe, Hilary, alilifunika kopo kwa sahani.

"Funza juu ya keki? Jirani, una wazimu? Mwenyekiti wa kamati ya bustani anakuja!"

"Basi sogezeni meza."

"Hapo ndipo penye kivuli, mpenzi. Subiri wageni waondoke."

Wageni walikuja. Televisheni ilihamishiwa barazani, na wanawake wenye kofia pana wakaizunguka na vikombe vyao.

"Wamelala, maskini. Wanapendeza hao!"

Bibi Thwaite, ambaye amefuga kuku maisha yake yote, aliinama karibu na kioo. "Wilfred, huyu wa pembeni mbona hapumui?"

"Anaota, Bibi Thwaite." Wilfred alibonyeza rimoti. "Jamani, kriketi imeanza!"

Walipiga makofi. Kriketi, angalau, waliielewa.

Jioni, baada ya mgeni wa mwisho kuondoka, nilipanda ngazi nikaweka funza karibu na tundu la kisanduku, kisha nikairudisha picha ya kiota kwenye televisheni. Jike alikuja, akachukua funza mmoja, akaingia. Alimgusa kila kifaranga mdomoni kwa funza huyo. Hakuna mdomo uliofunguka. Akammeza mwenyewe.